Ndege wa Ndani ya Kopo

Lushebere, Masisi
Tarehe 13 Machi 2022

Mpendwa kaka yangu Mbonigaba,

Mbele ya neno lolote nakusalimu sana, wewe na muke wako Mama Emérence na mutoto Shekinah. Mumeamka namna gani huko Kitwe? Lile goti ulilolalamikia siku ya Noeli lilipona, ao bado unapanda ngazi ya atelie kama muzee wa miaka themanini? Na Shekinah, meno yake ya mbele yalishaota? Kama hayajaota, usimuhurumie. Mwambie shangazi yake ameshamuchora na pengo lake, na picha iko ku ukuta karibu na kitanda cha Mama.

Sisi huku tuko, Mungu anatuchunga. Mama iko muzima. Macho yanamusumbua jioni na mugongo unamuuma asubuhi, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama kupumzika njo kutaivisha maharagi. Bwana yangu Bienvenu angali na pikipiki yake ya kwenda Pinga. Juzi alirudi na matope mupaka ndani ya masikio, anacheka peke yake. Mimi ningali naandika vibao: salon za kusuka, farmasi, na mwezi uliopita ukuta muzima wa kanisa, malaika sita. Pasta alilalamika kwamba malaika wana mabawa ya kipanga. Sasa mimi nitatoa wapi mabawa mengine?

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati telefone iko. Nilijaribu kukuambia kwa telefone mara mbili. Mara ya kwanza rezo ilikatika. Mara ya pili rezo ilikuwa muzuri kabisa, mimi njo nilishindwa, nikaanza kukuuliza habari za mvua. Tena niko na kitu cha kukuonyesha ambacho hakiwezi kupita kwa sauti. Papa Marcellin, muuza fromaji za maziwa ya ng'ombe, anakwenda Lubumbashi kuona mutoto wake, na ameniahidi kwamba kutoka pale ataifikisha mwenyewe mukononi mwako. Ukimuona, mupe chakula, juu safari ni ndefu.

Nianze na ndege, juu habari yote inapita kwao. Unajua sikuacha kuchora tangu utoto. Lakini huu ni mwaka wa tatu nachora ndege wa huku kwetu tu, wale wa porini wanaokuja karibu na nyumba. Asubuhi, mbele ya kulima, nageuza beseni, naikalia pembeni ya shamba, kaye yangu ya kuchorea ku magoti, biki ya wino mukononi. Ndege hangojei muntu. Ukianza na mukia, yeye amekwenda, unabaki na mukia. Kwa hiyo nilijifundisha kuanza na mudomo. Mudomo unakuambia anakula nini, na ukijua anakula nini unajua atarudi fasi gani, basi unakaa unamungojea.

Watu wa kilima walinisumbua mwanzoni, weee! Muntu anayekaa anaangalia mashamba ya wengine na kuandika ndani ya kaye, huku kwetu haachwi hivi hivi. Wengine walisema napima mashamba ili yauzwe. Wengine walisema niko naandika majina ya watu wa kupewa mbegu na ONG, yale mashirika ya misaada, na hao walianza kunisalimia vizuri sana na kuniletea ndizi. Siku moja wakanipeleka kwa chefu wa kilima. Nikamupa kaye. Akafungua ukurasa kwa ukurasa, ndege tupu, mupaka mwisho, halafu akaniuliza: "Sasa majina iko wapi?" Ndizi zikakoma.

Leo niko na kaye saba zimejaa. Musambi niko naye, anacheza ndani ya bonde na taji yake. Yule mudogo wa kijani anayenyonya maua ya migomba niko naye, na alinitesa wiki mbili. Lakini niliyemuchora kuliko wote ni nyamanza. Sikuhitaji kumutafuta, yeye njo alikuja, anatembea ku kiwanja anatikisa mukia kama mwenye nyumba. Unajua sisi Bagesera hatumurushii jiwe: ni ndege wa ukoo wetu, na anayemuua analeta musiba nyumbani. Mama ni mukristo wa kila siku ya Mungu, lakini nyamanza akiingia jikoni, Mama anamupisha.

Kuna mwingine, kaka, na huyu naomba umusome polepole. Anakaa juu ya waya ya miiba ya shamba la ng'ombe la jirani. Mweusi juu, mweupe chini, mukia mrefu. Ukimuona kwa mbali, na huu ukungu wetu wa asubuhi, utaapa kwamba ni nyamanza. Lakini nyamanza anatembea chini, na mudomo wake ni mwembamba kama sindano, wa kuokota vidudu. Huyu hatembei. Anakaa juu kabisa, kimya, anaangalia chini, mara anashuka na kukamata panzi ao mujusi mudogo, na kumutundika ku muiba wa waya kama nyama kule busheri ya centre. Mimi namuita Bushe, muuza nyama. Mudomo wake umepinda mbele kama ndoana, na kuna kajino kadogo pembeni. Nilikaa siku nne kuchora ule mudomo tu, mupaka ningeweza kuuchora na macho yamefungwa.

Sasa nyumba. Nilikuambia mwezi wa kwanza kwamba Mama anataka kujenga nyumba ya kweli, ya mabao, fasi ile ile ya nyumba ya Papa iliyoungua. Kibanda chetu kimechoka. Na unajua desturi ya kwetu: shimo anaweza kuchimba yeyote, lakini nguzo ya mulango ni mutoto wa kwanza wa kiume njo anaisimamisha. Tulikuita. Ukajibu: "Jengeni tu. Mukono yangu haifai kugusa ile fasi." Mama alikuwa karibu yangu, sauti ya telefone ilikuwa kubwa, alisikia. Alikwenda kuchambua maharagi ambayo alikuwa ameshachambua.

Nilikasirika, nikuambie kweli. Miaka kumi na tano tunakuita! Nilipoolewa hukuja. Shekinah hamujui Mama ila kwa telefone. Kila mara unauliza hali ya kila muntu mupaka ya mbuzi, na nyumba huulizi. Na sote tunajua juu ya nini.

Tarehe kumi na tisa mwezi wa pili, Baba mudogo Élie alikuja na chuma chake kuchimba shimo la nguzo ya mulango. Alisema shimo liwe tayari, labda moyo wako utageuka. Alichimba mupaka magoti, na chuma ikagonga kitu. Kopo. Lile kopo la maziwa ya unga, limekula kutu pande zote, lakini kifuniko kingali. Hakuna aliyeuliza ni nini: ni nyamanza wako, yule Papa alimuzika pale mulangoni. Baba mudogo aliacha chuma, Mama akakaa chini ku udongo.

Baba mudogo alisema tumurudishe mara moja, tuchimbe pengine. Mama akakubali. Na mimi, sijui nini kilinishika, nikasema nataka kuangalia. Mama akaniambia: "Byukusenge, hatazamwi." Nikamujibu kwamba kazi yangu ni kuangalia ndege, na huyu njo peke yake wa kiwanja chetu ambaye sijamuchora. Tulibishana pale mupaka jua likapanda. Mwisho Mama aligeukia kilima, akaanza Baba Yetu. Baba mudogo akajifunika uso na kofia yake. Mimi nikafungua.

Ndani kulikuwa na kipande cha kitenge cha Mama, kile cha maua ya njano, kimekuwa kama majani makavu. Ndani yake mifupa midogo na unga wa manyoya. Na kichwa. Kichwa kizima, kaka, kikubwa kuliko nilivyofikiri, na mudomo wake.

Mudomo wenye ndoana.

Ayi wee! Nilikimbia kibandani, nikaleta kaye ya tano, nikaweka kichwa juu ya karatasi, karibu na mudomo niliouchora siku nne. Ndoana na ndoana. Kajino na kajino. Nikafungua ukurasa wa nyamanza, nikapima pia, ni kama kupima sindano na jembe. Nikaangalia mara tatu. Halafu nikasema: "Mama, huyu si nyamanza. Huyu ni Bushe."

Mama akaacha sala katikati. Akaniambia niangalie tena. Nikaangalia tena. Basi akageuka yeye mwenyewe, na kwa sababu macho yake hayamusaidii sana, akanyoosha kidole akaugusa ule mudomo, na ncha ikamuchoma kidogo. Akaita jina lako. Hakulia. Aliita kama alivyokuwa anakuita zamani wakati chakula kimeiva na wewe uko kule chini ku muto.

Sasa ngoja nikuambie yale niliyoshindwa kusema kwa telefone. Mengine unayajua, lakini acha niyaandike yote, juu moja huyajui.

Ulikuwa na miaka kumi na tano, mimi tisa. Siku iliyotangulia ulikuwa umeona kuku niliyemuchora ndani ya kaye ya shule, ukamuonyesha watoto wote wa jirani, ukasema ni kiatu kimeota macho. Walicheka mupaka jioni. Nililala na hasira, sikula hata viazi. Asubuhi ulitoka na manati, ukungu umefunika kila kitu, na ndege alikuwa juu kabisa ya muti wa avoka, kimya. Ukamupiga, akaanguka ndani ya maharagi. Mimi nilikuwa karibu, nikafika wa kwanza. Niliona nyeusi, nikaona nyeupe, nikaona mukia. Mudomo sikuangalia. Nikapiga kelele: "Papa! Mbonigaba ameua nyamanza!"

Wewe ulitupa manati ukakimbia, hukumuona hata karibu. Papa alikuja na kile kitambaa, akageuza uso, akamufunika bila kumutazama kama inavyotakiwa, akamuweka ndani ya kopo, akamuzika ku mulango na heshima yote. Mama alikuwa mutoni. Unaona, kaka? Papa hakuangalia, wewe hukuangalia, Mama hakuwa pale. Neno lote lilitoka kwa macho ya muntu mumoja, na ni mimi. Wewe siku zote ulifikiri ni mutoto wa jirani aliyepiga kelele, nilisikia unasema hivyo, na nilinyamaza.

Tena nikuambie mupaka mwisho. Nilipopiga ile kelele, nilifurahi. Kidogo tu, lakini nilifurahi. Nilisema moyoni, leo atajua nani ni kiatu. Hiyo njo inaniuma kuliko kosa lenyewe.

Na nyamanza gani anakaa kileleni mwa muti, kimya, akiangalia chini? Hata hilo peke yake lingalitosha. Leo hata mutoto wangu wa miaka mine angalijua. Lakini siku ile sikujua kuangalia, nilijua kukasirika tu.

Nyuma ya majuma matatu bunduki zikaanza, nyumba ikaungua, tukateremka ku kambi, Papa akashikwa na homa na hakuinuka tena. Siku ya matanga Baba mudogo Élie akasema mbele ya watu wote kwamba nyamanza ameua mwenye nyumba. Wewe ukainuka, ukachukua bidon kwenda kuchota maji. Bidon tuliikuta kisimani, wewe hatukukuona tena. Nilikuwa mimi niliyetumwa kukuita, nilikaa pale karibu ya ile bidon nikikungojea mupaka Mama akaja kunichukua.

Kaka, mimi sijui kama ndege anaweza kuleta vita. Mama anasema vita ilikuja na miguu ya watu, na kwamba watu ambao hawakuua hata inzi waliunguziwa nyumba siku hiyo hiyo. Najua hutaamini hayo, juu tumekuambia mara ngapi? Lakini sasa sikuambii habari za Pasta. Nakuambia habari za ile sheria yetu wenyewe, ile unayoogopa. Hata kwa ile sheria, uko safi. Hukumugusa nyamanza. Ulimupiga Bushe, ndege ambaye watoto wa kilima muzima wanamupiga kila siku na hakuna anayewafokea, ila mimi siku hizi. Mukono yako haina neno. Haikuwa na neno hata siku moja.

Kama kuna wa kulaumiwa, ni mutoto wa miaka tisa aliyekasirikia kuku. Nakuomba unisamehe. Ukitaka kukasirika, kasirika, uko na haki, mimi nitangoja. Lakini usikae mbali na Mama kwa sababu ya kosa langu.

Baba mudogo Élie, siku ile, alichukua kofia yake akaenda bila kuaga. Tulifikiri amekasirika. Kesho yake, mbele ya jua kutoka, tulimukuta ku kiwanja na mikaratusi mitano begani mwa watoto wake, na mumoja ameubeba mwenyewe, yeye na ile kifua yake mbaya. Ulikuwa umenyooka, ameshautoa maganda. Akaulaza karibu ya shimo. Akasema: "Huu ni wa mulango. Mimi siugusi tena." Kisha akanivuta pembeni, akaniambia niandike, juu yeye hajui kuandika, kwamba Élie alisema vibaya ku matanga, na kwamba tangu siku ile hajawahi kuchota maji ku kile kisima. Nimeandika kama alivyosema.

Kuna neno lingine, Mama njo amenipa ruhusa. Siku ya mwisho ya Papa, wakati wewe ulikuwa nje unatafuta kuni, Papa alifungua macho na kuuliza kitu kimoja tu: kama Mbonigaba amekula. Mama akamujibu ndiyo, amekula. Akafunga macho. Mama hakukuambia juu aliona aibu, ilikuwa uongo, siku hiyo hakuna aliyekula. Lakini uone mwenyewe kama hilo ni swali la muzazi aliyekasirika.

Ndani ya barua utakuta karatasi moja imekunjwa mara mbili. Juu ni nyamanza, anatembea. Chini yake ni Bushe ku waya. Chini kabisa ni kichwa chenyewe, nimekichora kwa kipimo chake, wala sikupunguza wala sikuongeza. Weka kidole chako juu ya mudomo, upime. Muonyeshe na Shekinah, mufundishe: sindano ni wetu, ndoana si wetu. Yule wa kopo tumemuzika tena chini ya muti wa avoka, bila kitambaa, kama ndege mwingine yeyote. Na uko na ruhusa ya kusema kama kuku wangu wa siku hizi wanafanana na kuku. Nimeweka mumoja nyuma ya karatasi.

Shimo lingali wazi. Tumelifunika na bao ili mbuzi isivunjike muguu, na nguzo imelala pembeni yake, inakauka vizuri. Jirani wanacheka kwamba tunajenga nyumba ya shimo moja. Wacheke. Nyamanza amezoea lile bao; kila asubuhi anatembea juu yake, kwenda na kurudi, nikimuchora. Mvua ya mwezi wa nne iko inakuja na Bienvenu alisema basi asimamishe yeye, lakini Mama amekataa. Amesema amelala ndani ya kibanda miaka kumi na tano, hashindwi na mvua moja.

Baba mudogo Élie anakusalimu na kichwa chini. Bienvenu anakusalimu, anasema ukifika Goma umupigie, atakufuata na pikipiki hata ndani ya matope. Watoto wangu wanamusalimu Shekinah na wanauliza kama huko Zambia kuna nyamanza. Tuangalizie.

Mungu aliyekulinda kutoka kile kisima mupaka hapo ulipo akulinde ku njia yote, wewe na Mama Emérence na mutoto, na awape usingizi muzuri.

Nilitaka kumaliza na neno "karibu nyumbani". Nilipomusomea Mama, alinikataza. Alisema karibu ni ya wageni. Ameniambia nifute, niandike: rudi.

Ni mimi dada yako mudogo, niliyekosa na ninayekupenda,

Byukusenge